Namba Tisa Ijisemee

Kila asubuhi katika kambi ya likizo, watoto walikunja mashuka, wakarundika magodoro kwenye kona ya darasa, kisha wakajipanga uwanjani kuhesabiwa. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kuitika: wa kwanza anasema "Moja!", anayefuata "Mbili!", hadi kumi na mbili. Namba tisa ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye wenzake walimwita Mnong'ono, na jina hilo halikumwonea. Sauti yake haikumfikia hata namba kumi aliyesimama naye bega kwa bega.

Siku ya kwanza hesabu ilikwama kwake mara tatu.

"Namba tisa betri imeisha!" mmoja akadakia, na kundi zima likaangua kicheko. Mnong'ono akatamani ardhi ipasuke. Mlezi wa kundi lao, binti wa miaka kumi na saba aliyekuwa akiongoza watoto kwa mara ya kwanza, alimwonea huruma.

"Usijali, mdogo wangu," akamwambia baadaye. "Nitakuitikia mimi."

Tangu hapo, ikifika nane, dada mwenyewe alisema "Tisa!" na mambo yakaenda chapuchapu. Mnong'ono alishusha pumzi. Lakini tuseme ukweli, moyoni hakuwa na raha. Alikuja kambini akiwa amejiapiza kwamba safari hii atasikika, na sasa hata namba yake ilisemwa na mtu mwingine.

Siku ya tano walikwenda msituni kujifunza aina za majani. Wakati wa kurudi, Mnong'ono aliinama nyuma ya kichaka kutoa kokoto kiatuni. Akasikia hesabu ikianza kule njiani, safari hii bila watoto kujipanga. "Saba!" "Nane!" Kisha, kwa mazoea tu, sauti ya dada: "Tisa!" Zikafuata kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Haya, wote tupo. Twende zetu!"

Mnong'ono aliganda, kiatu mkononi. Wote wapo? Na yeye je? Alijaribu kuita, ikatoka ileile sauti ya kuomba radhi. Nyayo zilizidi kwenda mbali, na njia hakuijua. Aliogopa, lakini hasira nayo ikampanda, na hasira hiyo ndiyo iliyomsaidia. Akavuta pumzi ndefu.

"Tisa niko huku! Mimi sijahesabiwa!"

Dada alirudi mbio, akamkumbatia.

"Dada, tusimwambie mkuu wa kambi," namba kumi akashauri njiani. "Si amepatikana?"

Kila mtu alijua kwamba mlezi anayemwacha mtoto nyuma hurudishwa kwao siku hiyohiyo.

"Nitamwambia," dada akasema.

Mkuu wa kambi alikuwa mwalimu wa michezo, mama asiyecheka ovyo. Alimsikiliza dada hadi mwisho.

"Kwa nini ulimwitikia?"

"Nilitaka kumsaidia, Mwalimu. Na niliogopa kundi langu lisije likaonekana limeshindwa."

"Kanuni unazijua. Kafungashe mizigo yako."

Mnong'ono, aliyekuwa mlangoni, akaingia bila hata kubisha hodi.

"Mwalimu, naomba niseme. Na mimi nilikosea, nilikubali kuitikiwa. Ninamtaka dada huyuhuyu. Ila asinisemee tena. Hata kama watu watacheka, anisubiri."

Mwalimu aliwageukia wote wawili.

"Sikilizeni," akasema. "Mtoto hapati ujasiri kwa kusemewa. Anaupata akipewa nafasi na kuvumiliwa mpaka aseme mwenyewe. Na kiongozi hakomai kwa kuficha kosa lake. Wewe umelileta hapa kwa miguu yako, ukijua litakugharimu, kwa hiyo nitakupa nafasi nyingine. Utabaki na kundi lako, lakini kuanzia leo utahesabu nami nikiwa kando yako." Kisha akamgeukia Mnong'ono. "Na wewe, umenielewa?"

Dada alifungua kinywa ajibu, akajizuia, akakifunga. Wakasubiri.

"Nimekuelewa, Mwalimu," Mnong'ono akasema, na hakuna aliyemwambia arudie.