Mama Alivimba Mezani

Walikutana sokoni asubuhi, watu wamebanana, kila mmoja kashika upande wake wa fungu lile lile la tangawizi. Kijana alikuwa fundi wa friji, ovaroli imelowa jasho. Binti, mwenye sura ya Kichina, alivaa gauni la kijani, nywele nyeusi zimemwagika mgongoni.

"Achia dada, nimeliona kwanza."

"Wewe umeliona, mimi nimelishika."

Fundi alibaki mdomo wazi kwa Kiswahili kile kilichonyooka. Binti akacheka. "Nimezaliwa mtaa wa pili hapo. Ulitaka niongee nini?"

Wazazi wake walitoka China, wakafungua mgahawa. Binti ndiye mpishi. Simu zikaanza. Fundi alipiga hata akiwa kachuchumaa nyuma ya friji ya mteja.

"Mpenzi, umekula?"

"Unauliza chakula, au umenikumbuka?"

Mapenzi yakakolea, fundi akampeleka mama yake mgahawani amwone mkwe. Mama alikula kwa hamu. Ghafla midomo ikavimba, macho yakazibika, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida.

"Wameniwekea unga wao wa Kichina," mama akasema kwa sauti ya kukwaruza.

Wateja wakasukuma sahani. Fundi akamgeukia mpenzi wake. "Mmeweka nini humu?"

Binti alipauka. "Hata wewe?"

Hospitalini mama alipata nafuu, lakini maneno yake yalishaenea mjini. Meza za mgahawa zikabaki tupu. Binti akaacha kupokea simu.

Wiki kadhaa baadaye mama akavimba tena, safari hii jikoni kwake mwenyewe, baada ya kula mkate wa ufuta kutoka kwa mwoka mikate jirani. Daktari alimpima, akasema ana mzio wa ufuta. Fundi akakumbuka kwamba hata siku ile mgahawani, chakula kilipikwa kwa mafuta ya ufuta.

"Ungekula ufuta popote, mama, ungevimba," daktari akamwambia.

Fundi akampigia binti, lakini simu haikupokelewa.

Kesho yake simu ya fundi ikaita; alikuwa binti. "Njoo. Mama yako yuko hapa."

Alikimbia, akidhani mama amezidiwa tena. Alimkuta kasimama katikati ya mgahawa, anawaambia wateja wachache waliokuwepo, "Niliwasingizia watu hawa. Ugonjwa ni wangu." Kisha akamgeukia baba wa binti. "Na nimekuja kumposea mwanangu."

Fundi akamtazama binti.

"Mama nimemsamehe," binti akamwambia. "Yeye hakunijua. Wewe ulinijua, ukaniuliza kama mwizi. Ulinifanya mgeni katika mji niliozaliwa."

"Niliogopa, nikaamini maneno kuhusu Wachina ninayoyasikia tangu utotoni. Nisamehe."

"Posa nitaijibu hasira ikiisha. Kwanza waambie hawa, kama alivyowaambia mama."

Fundi akawageukia wateja. "Na mimi nilimshuku bure," akaanza, sauti ikamkatika. Binti akasogea karibu, akamshika mkono, akasubiri amalize.