Nenda, Usirudi

Rajabu alishuka kwenye kibaraza cha duka lake akiwa amepania ugomvi. Greda lilikuwa limeziba mtaa mzima tangu asubuhi, mikokoteni yake ya vitenge imekwama nyuma, na wateja wa Kariakoo hawana subira. Akalipiga ubavuni kwa kiganja.

"Wewe dereva! Unatutia hasara!"

Mlango ukafunguliwa. Dereva alikuwa mwanamke: kofia ngumu juu ya ushungi wa zambarau, ovaroli ya rangi ya chungwa imemkaa sawasawa.

"Kaka, piga taratibu. Huyu hajazoea kufokewa."

"Basi mwambie apishe!"

"Mwambie mwenyewe. Panda."

Akapanda, na hapo ndipo alipokwisha. Sabaha, ndilo jina lake, alipokanyaga mafuta, mngurumo ulimwingia Rajabu kwenye nyayo ukamfika menoni. Binti alisukuma kijiti kwa vidole viwili tu, lundo la kifusi likasogea kama unga.

"Raha, eh?"

"Raha mno! Sukuma tena."

"Mimi hata nikilala naisikia," alisema Sabaha, macho yake yaking'aa.

Walipendana miezi minane. Sabaha alimwita bwana vitenge, naye Rajabu alimshonea gauni ambalo halikuwahi kupakwa grisi. Kisha mgodi mmoja wa Geita ukamwita Sabaha akaendeshe malori ambayo tairi moja tu linamzidi mtu mzima kimo. Mkataba ni wa miaka mitatu, na jibu linatakiwa Ijumaa. Ndoto yake yote ilikuwa hiyo, lakini alitaka kwanza kusikia neno la Rajabu. Akampigia.

Sasa angalia balaa. Saa hiyohiyo Rajabu alikuwa kwenye uchochoro nyuma ya duka, simu sikioni, akiliongoza lori la Fuso lililokwisha kushusha mzigo litoke. Nyuma ya Fuso kulikuwa na masufuria ya mama ntilie.

"Rajabu, mpenzi, niende au nibaki?"

Kwa kelele za injini Rajabu hakusikia kitu.

"Nenda!" alimpigia kelele dereva wa Fuso. "Nenda tu! Usirudi! Nimesema usirudi!"

Simu ikakatika. Rajabu akadhani ni mtandao.

Sabaha aliondoka kesho yake. Rajabu alipiga mpaka vidole vikachoka. Namba yake ilikuwa imezuiwa. Hamu ya kumwona ilimtesa. Kila greda likinguruma mtaa wa Gerezani alitoka mbio dukani, futi ya kupimia mkononi, na kila mara alikuta dereva ni mzee mwenye ndevu.

Mwezi wa tano tangu aondoke, Candida, aliyekuwa akifanya kazi na Sabaha, akaja kununua doti mbili za vitenge.

"Kwani Sabaha nilimkosea nini?" Rajabu alimuuliza.

"Makubwa! Si wewe uliyemwambia aende, asirudi?"

Rajabu akaketi juu ya robota la vitenge. "Mungu wangu. Fuso!" Akamwomba simu.

"Sabaha, ni mimi. Usikate. Nilikuwa naongea na Fuso."

Alipomweleza, Sabaha alicheka, kisha akalia.

"Miezi mitano, Rajabu!"

"Ningekusikia, ningesema baki."

"Najua. Na ningebaki, halafu ningekuchukia." Nyuma yake mitambo ilikuwa ikinguruma. "Nikilipandisha hili dude kutoka shimoni limejaa, moyo unanidunda kwa raha. Nalipenda. Na wewe nakupenda, kila siku nakutamani. Sijui nifanyeje."

Rajabu akalitazama duka lake, marobota hadi darini. Alikuwa ameuza vitenge chini, kando ya barabara, miaka saba kabla ya kulipata. Candida alinyoosha mkono kudai simu yake, Rajabu akamgeuzia mgongo.

"Sabaha, huko Geita wanawake hawavai vitenge?"

Sabaha akasogea mbali na mitambo.

"Wanavaa," alisema kwa sauti ndogo. "Tena wanalalamika kwamba vile vizuri haviwafikii."