Mwisho Aliosimuliwa Wachuka

Sumeya alishuka Longonot saa kumi na moja jioni akiwa na kitabu kimoja tu mkobani. Kilikuwa chekundu, chepesi, kurasa mia mbili na kidogo. Mama Wachuka alikuwa amempigia simu Ijumaa akamwambia kwa upole, "Niletee kile kitabu cha mtoto wangu. Nataka kikae na vitu vyake." Kazi ndogo kama hiyo haikataliwi na mtu mwenye haya. Na Sumeya, siku hizo, alikuwa na haya nyingi kuliko alizoweza kubeba.

Mambo yalianza kwa raha tu. Walikuwa marafiki wanne wa Nakuru: Sumeya muuza madera wa Bondeni, Jackie nesi, Kipchirchir mwalimu wa kule Mau Narok, na Wachuka aliyewakutanisha wote. Kila Januari mtu alileta vitabu vitatu alivyotaka wenzake wasome. Orodha ya vitabu kumi na viwili ikaandikwa, kila mmoja akabandika nakala yake nyuma ya mlango, na vitabu vikazunguka. Sheria ilikuwa moja. Ukimaliza kitabu, unaandika jina lako na tarehe ndani ya jalada la nyuma. Desemba majina yanahesabiwa, na aliyesoma kidogo anawapikia wengine.

Sumeya alikuwa hajapika miaka mitatu. Walimwita Profesa.

Ukweli ni kwamba alikuwa hajamaliza hata kitabu kimoja miaka yote hiyo mitatu. Alisoma kurasa za mwanzo, akachungulia katikati, akasoma maneno ya nyuma, kisha akatia jina lake kwa kalamu nzuri. "Huo mwisho umeniliza," alikuwa akisema, na wenzake wakaamini. Mwanzoni alijiambia atarudi kuvimalizia. Baadaye hakujiambia kitu.

Kudanganya watu wanaocheka na wewe ni jambo moja; kumdanganya mgonjwa ni jingine. Wachuka alilazwa mwezi wa tisa, na ugonjwa ukamwondolea nguvu ya macho. Kwenye orodha yake vilibaki vitabu viwili, chekundu na cha buluu, vyote amekaribia mwisho. Alimshika Sumeya mkono.

"Nimalizie hizi mbili, Sumeya. Halafu uniambie vile zinaisha. Sitaki kwenda bila kujua."

Sumeya alivibeba nyumbani, akaviweka juu ya friji. Wateja walikuwa wengi. Kulikuwa na harusi ya binamu. Siku ya Alhamisi alirudi hospitalini kichwa kitupu, na Wachuka akageuza uso kuelekea sauti yake kama mtoto anayengoja kulishwa.

Basi akatunga. Kitabu chekundu kilimhusu mwanamke anayefuata reli akimtafuta mama yake. "Anashuka steshoni ndogo," Sumeya alisema, "kama ile ya kwenu. Mamake amesimama hapo na taa. Amekuwa akimngoja." Cha buluu kilimhusu mjane aliyechomewa nyumba. "Huyo anaenda kwa rafiki yake. Anapata mlango uko wazi, na chai imemiminwa vikombe viwili. Anaingia, na hatoki tena."

Wachuka alitabasamu. "Poa," alisema. "Niliogopa mambo ingeisha vibaya."

Alifariki Jumamosi. Na siku hiyo hiyo, kabla machozi hayajakauka, Sumeya alitia jina lake kwenye vitabu vyote viwili. Mazoea tu. Lakini kila alipoikumbuka kalamu ile mkononi, alitamani ardhi immeze.

Mama Wachuka alimkaribisha chai kwenye nyumba ya mabati, hatua chache kutoka relini. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua juu chini, maana hakujua kusoma.

"Wewe ndio ulimsomea," alisema. "Alikufa akicheka. Mungu akubariki, mami."

Sumeya aliinamia kikombe.

"Lakini hajatulia." Mama alishusha sauti. "Huja kwa ndoto. Ananiambia, mathe, nimefika, na hakuna mtu. Kila siku hivyo. Watu hawapiti steshoni saa hii, wanasema kuna mwanamke anakaa kwa benchi. Pastor ameomba hapo mara mbili." Akamtazama. "Wewe ulikuwa naye siku za mwisho. Kuna mtu alimwahidi kitu?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Sumeya alifungua mdomo. Akaona mikono ya yule mama juu ya kitabu.

"Sijui, Mama," alisema. Kisha, "Wacha nikiangalie kidogo. Nitakirudisha saa hii."

Alitoka akiwa na kitabu, uso ukimwaka.

Steshoni ilikuwa kimya. Mlima ulikuwa umeshapoteza rangi, na upepo ulileta harufu ya vichaka vya leleshwa. Benchi lilikuwa moja, la mbao. Sumeya aliketi ukingoni, akawasha taa ya simu, na kwa mara ya kwanza akaanza kusoma pale Wachuka alipoishia. Alisoma haraka, midomo ikicheza. Kurasa arobaini.

Zilipobaki mbili, harufu ilibadilika.

Spirit ya hospitali... na mafuta ya nazi. Yale aliyokuwa akipaka Wachuka nywele.

Ubao wa benchi ulilia upande wa pili, kama vile mtu ameketi.

Sumeya hakugeuka.

"Niaje, Sumeya."

Sauti ilikuwa ya chini, na haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa na hasira.

"Nimengoja," sauti ilisema. "Taa siioni."

"Hakuna taa." Sumeya alifunga kitabu juu ya kidole. "Nilikudanganya, Wachuka. Sikusoma. Nilitunga. Nisamehe."

Waya wa simu kando ya reli ulivuma kidogo kwa upepo.

"Ziko ngapi zimebaki?"

"Kurasa mbili."

"Soma."

Akasoma. Katika kitabu, mama yule alikuwa amekufa zamani, katika mji ule ule ambao binti alianzia safari. Hapakuwa na mtu wa kungoja katika kituo chochote. Binti alijua hivyo kutoka kwa mlinzi mmoja mzee, akafunga shali yake, akaanza kurudi kwa miguu. Basi. Kiliishia hapo.

"Kumbe," sauti ilisema polepole. "Ningejua ningelala."

Sumeya alilia. Alilia kwa aibu hata hofu ikakaa pembeni. Miezi mitatu rafiki yake alikaa kwenye ubao huu na baridi ya Longonot, akingoja taa iliyowashwa na mdomo wa mtu mvivu.

"Na ile ya buluu?"

Machozi yalikatika.

"Ile ya rafiki mwenye mlango wazi," sauti ilisema. "Hiyo ulisoma?"

Hapo ndipo jambo lingeisha. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini Sumeya alikuwa ameshajivua nguo mara moja jioni ile, na kujivua mara ya pili, mbele ya sauti ile iliyomwamini, kulimshinda. Ulimi ukafanya kile ulichozoea.

"Hiyo nilisoma," alisema. "Hiyo ni kweli."

"Sawa," sauti ilisema, kwa furaha.

Benchi likalia. Harufu ikaondoka. Sumeya alipogeuka hakuona mtu, ila vumbi kwenye ubao lilikuwa limefutika, upana wa mtu mmoja.

Alimrudishia Mama Wachuka kitabu, akamwambia mtoto wake sasa atapumzika. Mama alimkumbatia. Hilo nalo alilipokea.

Kesho yake, Jumapili, alishinda ndani. Alijaribu kukumbuka kitabu cha buluu kiko wapi. Baada ya mazishi kilikuwa kimeendelea na mzunguko wake kama kawaida. Saa kumi na mbili kasoro alimpigia Jackie.

"Jackie, ile kitabu ya buluu. Unayo?"

"Nilimpea Kipchirchir. Ameenda nayo Mau Narok. Kwani?"

"Inaishaje?"

Jackie alicheka. "Profesa, si wewe ndio ulisema imekuliza?"

"Jackie, tafadhali. Umeimaliza. Jina lako liko nyuma."

Kicheko kiliisha. Sumeya alisikia Jackie akifunga mlango kwake, kisha akisema kwa mnong'ono, "Usimwambie Kip. Sikuimaliza. Nilikuwa na shifti za usiku, na wewe ulikuwa umetuacha mbali sana na hesabu yako... niliandika tu jina. Nilisikia vibaya, Sumeya. Ni wewe ulikuwa unatufanya tuone aibu."

Sumeya alikaa chini.

Akampigia Kipchirchir. Simu haikuingia. Akajaribu tena. Mtandao wa Mau Narok una tabia zake, na jioni ile ulizishika zote. Aliandika ujumbe: Nisomee ukurasa wa mwisho wa kitabu cha buluu. Sasa hivi. Alama ya kwamba umefika haikutokea.

Adhana ya magharibi ilianza msikitini, ikaisha. Aliswali pale pale sebuleni, na alipotoa salamu ya mwisho, akigeuza uso kushoto, aliona mlango.

Aliufunga alasiri. Aliukumbuka ufunguo mkononi, aliikumbuka sauti ya komeo.

Mlango ulikuwa wazi. Orodha ya mwaka mpya, iliyobandikwa kwa nyuma, ilikuwa ikipepea. Vitabu tisa tu sasa, havijaguswa.

Harufu ya spirit ikaingia kwanza. Kisha mafuta ya nazi.

Sumeya alitazama mezani. Birika lilikuwa limetoka jikoni. Hakulitoa yeye. Vikombe vilikuwa viwili, vimejaa, na mvuke ukipanda.

"Wachuka," alinong'ona. "Sikusoma. Hata hiyo. Wallahi sikusoma."

Kiti cha upande wa pili wa meza kilivutwa nyuma taratibu, kama anavyokivuta mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

Simu ikaangaza. Ujumbe wa Kipchirchir ulikuwa umefika, mistari miwili. Sumeya aliusoma mara ya kwanza bila kuuelewa, akausoma tena kwa sauti.

*Pole, Profesa. Nakala hii imeng'olewa kurasa za mwisho, nilidhani mlijua. Mimi niliandika jina tu.*

Nyuma yake, mlango ukajifunga. Komeo likaingia.

"Basi mwisho uliopo ni ule wako tu," sauti ilisema, karibu sana. "Kunywa chai, Sumeya. Inapoa."