Dereva Aliyesema Alitapika

Asubuhi hiyo kituo cha magari ya kwenda Merti, hapa Isiolo mjini, kilikuwa kimejaa mbuzi, magodoro na watu wenye haraka. Yahye alirudisha pikapu yake nyuma bila kuangalia, akaangusha mtungi wa maziwa ya ngamia. Nusu yake ikamwagika.

Mwenye mtungi alikuwa Barwaqo, msichana wa dera la rangi ya machungwa na mdomo usio na breki.

"Salaam aleikum," alisema. "Hiyo miwani nyeusi ni ya kuendeshea ama ya kulalia?"

"Aleikum salaam. Pole, dada."

"Pole baadaye. Kwanza onja yaliyobaki, ujue umemwaga nini."

Yahye akaonja. Maziwa yalikuwa yananukia moshi, kwa sababu mama yake Barwaqo hufukiza mitungi kwa moshi wa kuni kama akina mama wote wanaofuga ngamia. Akaomba kikombe cha pili. Kufikia Ijumaa alikuwa anampigia simu kila akipata mtandao.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umekwama tena?"

"Nimekwama kwako."

"Toka hapo, chimba gurudumu."

Yahye akamwahidi kutuma wazee kwao wa kuposa mwezi ukiisha.

Sasa, madereva wa Merti wana mambo yao. Kila alasiri hukaa mkeka mmoja kando ya gereji wakitafuna miraa, na neno la Abdinur, mkubwa wao, ndilo neno. Si kwamba ana akili sana. Ni kwamba ukikwama matopeni, hao ndio watakuvuta kwa kamba, na hakuna mtu anataka kulala porini kwa sababu alibishana.

Siku moja Abdinur, tumbo likimsumbua kwa maharagwe ya jana yake, akasema maziwa ya Barwaqo yananuka moshi.

"Kama jiko," akasema Jama, dereva mwenzake.

"Kama nyumba imeungua," akasema Chachu, dereva mwingine.

Wakamwangalia Yahye.

"Mimi hata nilitapika," akasema Yahye.

Hakuna aliyemwomba afike huko. Na Barwaqo alikuwa anapita nyuma yake na mtungi mgongoni.

Jioni Yahye alipiga simu mara nyingi mpaka ikashikwa.

"Barwaqo, mpenzi..."

"Ulitapika lini?"

"Sikutapika."

"Basi nani alitapika? Mpe pole."

"Wote walikuwa wanasema. Ningefanya nini?"

"Ungenyamaza. Hata ngamia anaweza."

"Nisamehe."

"Unanitukana kwa mkeka, halafu unaniomba msamaha kwa simu? Rudi ulipotapika. Usiporudi, usitume mzee yeyote kwetu."

Kesho yake Yahye alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akabeba kikombe kilichojaa maziwa, akasimama mbele ya mkeka.

"Nilisema uongo," alisema. "Haya maziwa nayapenda. Na anayeyauza nampenda zaidi."

Akanywa mpaka mwisho.

Abdinur akaacha kutafuna. Yahye tayari alijiona matopeni, kila gari likimpita na kumpigia honi.

"Yamebaki?" Jama akauliza polepole. "Mke wangu hununua. Mimi hunywa jikoni, mlango umefungwa."

"Mimi hutia kwa chupa ya chai," akasema Chachu.

Wakamgeukia Abdinur. Akajikuna ndevu.

"Mimi nilisema yananuka moshi. Sikusema moshi ni mbaya."

"Kweli," wakasema wote pamoja. "Hakusema."

Barwaqo, aliyekuwa mlangoni mwa gereji akisikiliza, akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Yahye akamwendea.

"Barwaqo, utakubali..."

"Ngoja. Usiniulize hapa. Hawa watasema ndiyo kabla yangu."

Akatangulia mpaka nyuma ya pikapu, mahali palipokuwa na mbuzi mmoja tu amefungwa.

"Sasa uliza."

Yahye akauliza. Barwaqo akamkuna mbuzi masikio kwanza, kwa sababu alitaka Yahye ateseke kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Na hiyo ni yangu mwenyewe."