Ngeli ya Watu

Kila akitoka shule, Kasuku huvua sare, huifua kola, kisha huingia chumba cha mbele kupangusa vumbi kwenye kiti cha kunyolea cha babu yake. Babu alikuwa kinyozi. Jina la Kasuku alimpa yeye, maana mtoto huyo ukimsimulia kisa leo, kesho anakurudishia chote na chumvi juu. Tangu Babu azikwe, kiti hakina wa kukikalia, na Bibi hataki kusikia habari ya kukiuza.

Kwenye rafu kulikuwa na kitabu kilichochakaa, tafsiri ya riwaya ya zamani juu ya nahodha Mzungu aliyetafuta ziwa lililopotea. Babu alikuwa akimsomea Kasuku kila jioni wateja wakiisha. Kasuku alikipenda kitabu hicho kuliko chakula, hasa pale wapagazi wanapovuka mto uliofurika: “Watu wale weusi wakashikana mikono, wakavuka wakiimba.”

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili alipomtaka kila mwanafunzi alete kitabu anachokipenda na kusoma ukurasa mmoja, Kasuku hakujisumbua hata kukifungua nyumbani. Cha nini, na kisa anakijua kwa moyo? Alisimama mbele ya darasa, kifua mbele, akasoma kwa mbwembwe:

“Vitu vile vyeusi vikashikana, vikavuka vikilia kama nyani. Viwili vikasombwa na maji. Nahodha akashukuru kwamba sanduku lake la chai lilisalimika.”

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Darasa zima lilikwisha kuangua kicheko. Mchekeshaji wa darasa akamnyooshea kidole jirani wa dawati wa Kasuku, mvulana mweusi tititi aliyeitwa Fundi kwa sababu alitengeneza kalamu na ndala za wenzake bila kudai kitu.

“Kile pale! Kimekaa!”

“Tena kimenuna!” mwingine akadakia.

Mwalimu akapiga meza, wakanyamaza. Fundi alichukua mkoba wake akaenda kukaa nyuma peke yake.

Kasuku alifika nyumbani akilia. “Bibi, Babu alikuwa mwongo!”

Bibi alikuwa akikunja vitambaa vya wateja wa zamani. Hakumkaripia. “Nani kakwambia?”

“Kitabu chenyewe! Babu alisoma ‘watu’, humu wameandika ‘vitu’. Na yeye alikipenda! Mtu anapendaje kitabu kinachomtukana?”

“Hicho ndicho kilichomfundisha kusoma, mjukuu wangu. Shuleni kwao hakikuwapo kingine. Alikipenda kabla hajaelewa kwamba kinamsema yeye. Mama yako alipokuwa mdogo, alimsomea kama kilivyo. Mama yako akauliza, ‘Baba, kwani sisi ni vitu?’ Siku ile Babu yako hakuweza kula. Tangu hapo akawa anabadilisha.”

“Mbona mimi hakuniambia?”

“Alisema atakwambia ukikua kidogo.” Bibi akafuta macho kwa kitambaa alichokishika. “Kifo hakipigi hodi.”

Kasuku alilia upya. Alitaka kumuuliza Babu swali moja tu, na hakuna tena wa kuulizwa.

“Alikuficha kwa mapenzi,” Bibi akasema. “Lakini kidonda cha kufunikwa hakiponi. Ona, kimekwenda kumpasukia mtoto wa watu. Kesho kamwombe radhi mbele ya wale wale waliosikia.”

Kesho yake Kasuku akaomba ruhusa kusimama. “Fundi, nisamehe. Nilisoma bila kutazama ninachosoma.” Akaeleza alivyofanya babu yake, kisha akausoma tena ukurasa ule kama ulivyo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Fundi akanyoosha mkono. “Mwalimu, neno kuku liko ngeli gani?”

“A-WA. Kuku amelala, kuku wamelala.”

“Na kiboko?”

“A-WA vilevile, ijapokuwa neno linaanza na ki. Ni kiumbe hai.”

“Basi kuku kapewa ngeli ya watu, kiboko kapewa,” Fundi akasema. “Watu wa kitabuni ndio wakanyimwa.”

Mchekeshaji akainamisha kichwa. “Nisamehe na mimi,” akasema.

Mwalimu akakichukua kitabu. “Aliyeandika hivi hakuteleza kwenye sarufi. Alijua anachofanya. Kitabu hiki kina safari nzuri, nami nilikipenda nikiwa kama ninyi. Kisomeni, lakini msikisome mmefumba macho, wala msikirembe ili kisiume. Penye uovu semeni ni uovu. Na neno likishatoka kinywani mwako ni lako, hata kama liliandikwa na mwingine.”

Fundi akarudi dawatini na mkoba wake. Aliusogeza ukurasa karibu. “Hawa wawili waliosombwa, majina yao yamo?”

Kasuku akapekua mbele na nyuma. “Hayamo. Limo la mbwa wa nahodha.”

Fundi akafunika uso kwa viganja. Kasuku naye machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya babu yake.

Mwalimu aliwasikia. Akaja akasimama kando ya dawati lao.

“Basi kila mkifika hapo, nyamazeni kidogo,” akasema. “Mtu akifa, watu hunyamaza.”

Darasa zima likanyamaza.