Jini Lililotiwa Kwenye Santuri

Kabla ya mdundo wa kwanza, mtu alivuta pumzi.

Besi aliinua sindano, akairudisha mwanzo wa santuri, akasikiliza tena. Pumzi ikawepo, ndefu, kama ya mtu aliyetoka mbio. Hakuiweka yeye. Wimbo ule aliutengeneza peke yake, katika chumba cha nyuma alichoziba madirisha kwa magodoro mabovu, na alijua kila kilichomo: ngoma za mashine, besi nzito iliyompa jina, na juu yake ile sauti ya mwanamke inayokuja na kupotea, ambayo madijei wa nchi za mbali hawakuchoka kuiulizia.

"Umempata wapi huyu mwimbaji?" walimwandikia.

Hakuwajibu. Kabla ya hapo alikuwa ametoa santuri mbili za hausi na tekno, muziki wa kuchezwa klabuni, kwa lebo yake mwenyewe ya muziki, isiyo na bosi wala mfadhili, na hakuna aliyegeuza shingo. Hii ya tatu iligombaniwa kama maji ya bomba lililopasuka.

Mwimbaji alikuwa sebuleni, anashona.

Ni dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Mwaka uliopita aliugua. Alikuwa akianguka ghafla na kusema kwa sauti isiyo yake, mpaka alipoletwa mganga, bibi mmoja mfupi wa maneno makavu, akajifungia naye chumbani. Jini lilitukana, likalia, mwisho likakubali kuondoka kwa sharti moja: lisiitwe tena. Dada akapona. Hakujua, wala mganga hakujua, kwamba upande wa pili wa mlango mdogo wake alikuwa amepiga magoti, ameelekeza maikrofoni kwenye tundu la kitasa.

Mchana ule Besi alifungua spika hadi mwisho, aisikie vizuri ile pumzi. Huko sebuleni cherehani ikanyamaza. Dada akaja, akasimama mlangoni na utepe wa kupimia nguo shingoni.

"Hiyo sauti ni ya nani?" aliuliza polepole.

"Wimbo tu, dada."

"Sijakuuliza wimbo. Nimekuuliza sauti."

Besi akapunguza spika. "Nimeikatakata. Hakuna atakayekujua."

"Mimi nimejijua."

Alilisema kwa sauti ya chini kabisa, na Besi akatamani dada apige kelele. "Nilikuwa nakufa mle ndani," dada aliendelea. "Nimejikojolea, nimejing'ata ulimi, nimeita jina la mama. Na wewe ulikuwa unarekodi? Watu wanakata viuno kwa kilio changu?"

"Dada, nilitaka tu..."

"Zima."

Alizima. Santuri ikapunguza mwendo, ikasimama, lakini sauti haikusimama. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani, na Besi akachomoa waya wa ukutani, akachomoa na wa spika, akabaki ameshika nyaya zote mbili mkononi huku besi ikiendelea kupiga ndani ya sakafu, ndani ya miguu yake, ndani ya meno, na ile sauti ya mwanamke ikijiunganisha yenyewe kipande kwa kipande, vile vipande alivyovikata kwa mikono yake vikitafutana na kushikana mpaka vikawa maneno mazima, na maneno hayo yakawa swali lililotoka kwenye spika na kinywani mwa dada yake kwa wakati mmoja:

"Nani ananiita?"

Dada akaanguka chini kama gunia.

Mganga alipofika, alisimuliwa yote. Hakumtazama Besi usoni.

"Jini liliahidi, likatimiza," alisema. "Mtu ndiye aliyelivunjia ahadi. Hizo sahani ziko wapi?"

"Zimeshasafiri, bibi. Ziko kila mahali."

"Basi kila zinapopigwa, linaitwa. Nilitoe leo, kesho waliite huko? Unanifanya mimi mlinzi wa geti?" Alikusanya vitu vyake. "Ziite sahani zako zirudi, uzivunje. Kisha unitafute."

Besi aliandika kila kona akiomba santuri zirudishwe. Waliomjibu walidhani ni mbinu ya biashara, na wakazidi kuipiga. Na kwa kuwa kwao kulikuwa usiku wakati hapa jua linachomoza, dada alikuwa anakamatwa asubuhi, akiwa kazini. Siku moja alianguka mguu ukiwa kwenye pedali, sindano ikamtoboa kidole hadi ng'ambo, na jini likaendelea kufoka kwa kinywa chake huku damu ikilowesha gauni la mteja.

Besi akamwangukia mganga, naye akarudi ingawa sahani hazikurudi. Safari hii dada mwenyewe alikataa mlango kufungwa.

"Leo nitasema nalo mimi," alisema.

Lilipopanda, shingo yake ikakakamaa, uso ukageuka mara huku mara kule, sauti mbili zikipokezana ndani ya kinywa kimoja.

"Mmenidanganya!" jini lilifoka. "Nilikwenda zangu! Mbona mnanivuta, mnanivuta, mnanivuta?"

"Sikukuita," dada alilijibu, akihema. "Mimi nilikuomba uende, nikashukuru ulipokwenda."

"Sauti ni yako!"

"Ni yangu. Iliibwa. Hata mimi nimeibiwa kama wewe." Akanyoosha kidole chenye bandeji. "Aliyekuita ni yule."

"Dada!" Besi alirudi nyuma hadi ukutani. "Dada, mimi ni damu yako!"

"Nyamaza. Siku ile ulisikiliza ukiwa nje. Leo ingia ndani."

Mganga akasogea pembeni. Harufu ya nywele zinazoungua ikavuka chumba polepole, kama mtu anayetembea bila haraka, na dada akalegea, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya spika, wakati Besi, aliyekuwa bado anatikisa kichwa kukataa, alivuta pumzi moja ndefu na asiweze kuitoa.

Tangu hapo anakamatwa yeye. Jana asubuhi alianguka karibu na meza ya kushonea. Dada alikunja kitambaa, akakiweka chini ya kichwa chake, akambana mabega kwa magoti. Bado hajamsamehe, anamshika hivyo hivyo, akiwa na hasira yake. Simu ya Besi ikalia sakafuni, ujumbe umeingia: lebo kubwa ya huko nje ilitaka kuutoa wimbo upya, santuri maelfu. Dada akaandika "Hapana", akaitupa simu pembeni.

Kinywa cha Besi kilifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa imechoka, na ilikuwa imekasirika kuliko siku zote.

"Mbona hawaachi?" jini liliuliza.

Dada alimfuta mdogo wake povu kwa kipande cha bitana.

"Wanaipenda," alisema.