Meli Iliyokuwa Inashuka

Haya yalimpata rafiki yangu niliyehitimu naye. Degree yangu mimi nimeikunja kuzuia mlango wa kabati. Yeye angalau alipata kibarua cha kuchora meli za kivita, vile vivuli vyeusi vinavyochapwa kwenye vipande vya mchezo wa mezani. Mteja alitaka meli za kubuni tupu. Ya mwisho, kwa uvivu, akaifuatisha kutoka kwenye picha ya meli ya kaka yake, baharia wa jeshi, aliyekuwa safarini wiki hiyo.

Saa kumi alasiri umeme ukakatika. Chumba chake hakina dirisha, ukabaki mwanga wa laptop tu. Akaona ile meli imeshuka kwenye skrini, mstari wa maji aliouchora umefika kwenye sitaha. Akaipandisha. Nyuma ya ukuta akasikia maji yakigonga polepole, kama mgeni asiye na haraka.

Akanipigia. "Bro, inashuka yenyewe."

"Umegusa mouse wewe. Kalale, msomi."

"Naipandisha, inashuka. Na kaka hapatikani tangu asubuhi."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Akaifuta, ikarudi. Akaendelea kuipandisha mpaka vidole vikafa ganzi, na kila mara ilishuka zaidi, huku maji yakigonga karibu zaidi. Mwishowe ukabaki mlingoti peke yake, na kwenye ncha yake nukta moja ambayo hakuichora.

Akaikuza. Nukta ilikuwa na mikono miwili, imeukumbatia mlingoti.